Daftari la Vipimo

Kiuno ishirini na saba. Bega kumi na sita.
Niliandika kwa kalamu ya risasi, mwaka ule wa njaa,
mlenda upo, ugali wa kuusindikiza haupo.
Ndahani Lechipya, mtoto wa mchunga ng'ombe wa Bahi,
alisimama mlangoni pangu, vumbi hadi kwenye kope.
"Fundi, nishonee joho la mfalme.
Pesa sina. Mfalme mwenyewe hana, soma mchezo uone."

Nikalikata pazia kuukuu la wodi.
Usiku wa kwanza upepo wa Julai ulipiga mabati,
karabai ikazimika katikati ya hukumu,
naye akaendelea gizani, sauti tupu,
mpaka mbwa wa mtaani wakanyamaza.
Nilikuwa nyuma ya jukwaa, sindano mdomoni.
Nilisahau kuitoa.

Kiuno thelathini na mbili.
Hapa ameoa. Ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwa baba yake
kwa sharti moja: aache kujifanya watu wengine.
Aliacha miezi minne.
Akauza alizeti Kibaigwa, akiita wateja kwa sauti ya hakimu,
ya mlevi, ya mke mdogo,
watu wakajaa kumtazama, wakaondoka na vikapu vitupu.

Kisha televisheni. Kifua arobaini na mbili.
Suti ya kijivu, vifungo vya dhahabu ya uongo,
kwa ajili ya Bwana Mirathi, mla mali za yatima.
Kila Alhamisi saa tatu usiku alimfukuza mjane nyumbani,
kila Ijumaa asubuhi soko la Majengo likamfukuza yeye.
Mama Mbeleje aligoma kumuuzia nyanya.
"Rudisha kwanza shamba la yule mama!"
Akajieleza: yule si mjane, ana mume, ana duka la vipodozi,
jana tu tumekula naye mishikaki.
"Ndiyo zenu," akajibiwa, na fungu likafunikwa kwa khanga.
Alikuja kwangu mikono mitupu, anacheka,
anacheka kupita kiasi, halafu kimya.
"Fundi, sifa gani hii isiyonunua nyanya?"
Nikampa zangu tatu. Moja ilikuwa imeoza ubavuni.

Ukurasa huu mchwa wameula.
Nakumbuka tu kwamba Matika, mkewe, alikuja peke yake,
akalipa deni lote la suti,
hakungoja chenji.
Sikuuliza. Fundi humpima mtu kwa nje.

Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Thelathini.
Tamthilia ilikatwa. Wakaja vijana wanaorekodi kwa simu,
wakamtaka awe babu, awe mzimu, awe babu tena,
wakamlipa nauli na soda.
Mji nao ulikuwa unapimwa upya:
wizara zikaota palipokuwa na zabibu,
mabango yakajaa nyuso nisizozijua.
Ukumbi wetu sasa ni ghala la saruji.
Tulipita siku moja, akabisha hodi kwenye bati,
akatega sikio
kama anayengoja mwenzake ajibu zamu yake.

Jana amekuja. Kiuno ishirini na nane.
Nimepima mara mbili, nikidhani tepu imenidanganya.
"Nishonee suruali ya kawaida."
Ya mchezo gani?
"Kuna mtu nataka kumjaribu.
Anaamka, anavaa, anakwenda sokoni kununua nyanya."
Na maneno yake?
Amefikiri muda mrefu, yeye aliyebeba kurasa elfu kichwani
bila kudondosha nukta.
"Hayo bado," amesema. "Ila mifuko iwe na kina.
Sijui mikono yangu huwa naiweka wapi."